Mwalimu wa Saa Kumi na Mbili na Robo

Kwa miaka mitatu Wangu hakuwahi kukosa darasa bila kuomba ruhusa. Ng'ombe alipozaa kwa shida aliandika kwa Kiingereza kwamba mwalimu amwie radhi, ndama anatangulia kwa miguu ya nyuma. Alipokwenda Naitiri kumwangalia dada yake mgonjwa aliandika. Alipomzika mama yake aliandika mistari miwili, akafuta mmoja, akatuma. Baadaye kidole gumba cha samawati kilijitokeza chini ya maneno yake, naye akajua ruhusa imetoka.

Darasa lenyewe lilikuwa ukurasa wa Facebook. Kila siku saa kumi na mbili na robo asubuhi, Wangu akiwa ndiyo kwanza ametoka kukamua, Mwalimu Mukhisa wa Bungoma alibandika neno moja la Kiingereza na msemo mmoja, na maana zake kwa Kiswahili chini yake. Wangu alinakili vyote katika daftari, akatunga sentensi tatu, kisha akajibu kwenye ukurasa, kama anayeitika jina lake darasani: "Present, Teacher." Wanafunzi wenzake walikuwa elfu ishirini na kitu. Wengi waliweka nyuso za kucheka. Wengine waliuza miche ya parachichi papo hapo, mbele ya mwalimu. Wangu hakuelewa mwalimu aliwavumiliaje.

Mambo mengine pia hakuyaelewa. Siku moja ukurasa ulifundisha kwamba Waingereza humwambia mtu asiyetaka kuchagua upande kuwa amekaa juu ya ua. Wangu alikwenda akautazama ua wake wa seng'enge, akajiuliza ni nani angekaa hapo na angekaa dakika ngapi. Hata hivyo aliuandika msemo huo, akautungia sentensi kumhusu shemeji yake.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Shule aliiacha darasa la sita, wazazi wake walipokuwa wangali wapya katika shamba lao karibu na Saboti na kila mkono ukihitajika. Mumewe, Ndirangu, alilima mahindi. Yeye alishughulika na ng'ombe watatu. Simu alinunuliwa na binti yao, Ciru, ili waonane kwa video. Ukurasa wa mwalimu aliukuta mwenyewe, bila kujua aliukutaje, na tangu siku hiyo akajihesabu mtu aliyerudi shuleni.

Shida ilianzia kwenye chama cha wafugaji. Katibu alikuwa amehama, na katiba ya chama, ambayo hakuna aliyekumbuka iliandikwa na nani, ilitaka kumbukumbu za mikutano ziandikwe kwa Kiingereza. Majina mawili yalitajwa. La kwanza lilikuwa la Hillary, kijana mwenye cheti cha kidato cha nne na shati lililopigwa pasi hata siku za chanjo ya mifugo. La pili, la Wangu, lilitoka kwa jirani yake Jepchirchir, ambaye mara mbili alikuwa amejaziwa fomu na Wangu.

"Hatukatai," Hillary alisema. "Lakini si tuambiwe amesomea wapi?"

Wangu alisimama. "Nimesomea Bungoma, kwa Mwalimu Mukhisa. Miaka mitatu."

Hakuwa akidanganya. Jambo hilo angelipima na kulipima siku zilizofuata, kama mtu anayerudi kuangalia kama amefunga mlango. Mwenyekiti, Mzee Rotich, aliridhika. "Vizuri sana. Basi Alhamisi ijayo ulete barua ya shule, tumalize hii maneno."

Nyumbani Ndirangu alimsikiliza hadi mwisho.

"Mama Ciru, hiyo shule iko na geti?"

"Sijui."

"Iko na kengele?"

"Iko kwa simu, Baba Ciru. Unajua iko kwa simu."

"Sasa barua itatoka kwa simu? Na ukikosa hiyo barua, hapo kwa maziwa watakuita nani?"

Hilo alilijua bila kuambiwa. Angeitwa mwongo, tena mwongo wa masomo, na kila asubuhi angelazimika kupeleka maziwa kwa watu wale wale. Alimwandikia mwalimu ujumbe, akamweleza kwa heshima zote. Siku mbili zilipita bila jibu. Jumanne alivaa suti yake ya kanisa, akafungasha madaftari matano na mtungi wa mala, maziwa ya mgando, akaenda Bungoma.

Ukurasa ulisema: nyuma ya soko, karibu na kinyozi. Wangu alimwuliza kinyozi ilipo shule ya Mwalimu Mukhisa. Kinyozi alizima mashine yake ili asikie vizuri.

"Mukhisa gani, mama? Mukhisa fundi? Si huyo hapo."

Ulikuwa mlango wa pili. Kibanda cha mabati, redio zilizofunguliwa matumbo, na mtu wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa akichomelea waya huku ameuma waya mwingine.

"Kalibu, mama," alisema bila kuinua kichwa, waya ukiwa bado menoni. "Ni simu ama ni ledio?"

Wangu alitafuta ubao kwa macho. Alitafuta dawati. Kisha akasema jambo alilokuwa amelifanyia mazoezi njiani, kwa Kiingereza safi, kwamba yeye ni Wangu, mwanafunzi wake, na amefurahi kumwona uso kwa uso.

Mukhisa alitoa waya mdomoni. Alisimama, akakaa, akasimama tena. "Wewe ndiye Present Teacher?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Yesu," alisema Mukhisa. "Na hivi ninavyokuona, ni mama mzima."

Alimpa kiti, ambacho kilikuwa kreti ya soda, na Wangu akampa mala. Wangu aliuliza kama shule iko upande mwingine, na hapa ni mahali pa kazi tu. Mukhisa alisugua shingo. Akamweleza kwamba alikuwa na kamusi kuukuu ya mjomba wake na kitabu cha misemo kisichokuwa na jalada, kwamba alianza ukurasa ili watu wajue anatengeneza simu, na kwamba watu walipenda maneno kuliko simu.

"Jumapili nikitoka kanisani naandika za wiki yote. Nazipanga. Halafu simu yenyewe ndiyo inatuma."

"Saa kumi na mbili na robo wewe huwa wapi?"

"Nimelala, mama."

Wangu alifikiria asubuhi zote zile. "Na ruhusa? Nilikuwa nikiomba ruhusa, unanipa."

"Hizo vidole? Hizo huwa naweka kwa kila mtu jioni. Napitisha tu." Mukhisa alionyesha kwa kidole gumba, akitelezesha hewani, tap tap tap. "Hata sisomi."

"Siku ya kumzika mama?"

Mukhisa aliitazama simu iliyokuwa mezani, iliyokuwa ya mtu mwingine. "Hiyo pia, mama. Pole sana."

Wangu hakuweza kusema kama alikuwa amekasirika. Alijaribu kutafuta mahali palipokuwa pameibwa kitu, asipate. Maneno alikuwa nayo. Madaftari yalikuwa mapajani. Lakini mtu aliyekuwa akimfikiria kila asubuhi, mwenye miwani na koti la kijivu, hakuwapo na hakuwahi kuwapo, na kijana huyu asiye na miwani alikuwa akinywa mala yake.

Alimweleza habari ya chama, Hillary na barua. Uso wa Mukhisa ulichangamka. Sasa hili lilikuwa tatizo la kawaida, la kurekebishwa.

"Hiyo si kitu. Hapa chini kuna jamaa anakata muhuri. Dakika ishirini tu, na unatoka safi. Tuite nini? Tuite institute?"

"Institute?"

"Mukhisa Institute of English. Sikia vile inatoka!"

Ilitoka vizuri kweli. Wangu alijiona akimkabidhi Mzee Rotich karatasi yenye duara la samawati, Hillary akilikodolea macho. Alifika hadi kufungua kinywa akubali. Halafu akamwona Hillary akipiga nambari iliyo chini ya barua, na mkuu wa taasisi akipokea simu katikati ya redio nne. Lakini hata hiyo haikuwa sababu yenyewe. Kama angehitimu taasisi iliyozaliwa leo saa sita mchana, madaftari matano yangekuwa ya shule gani?

"Nipe mtihani," alisema.

"Mtihani wa nini?"

"Wa miaka mitatu. Wewe ni mwalimu wangu ama si mwalimu wangu?"

"Sijui, mama," Mukhisa alisema, na ilikuwa kweli.

Alichukua daftari la kwanza, akalifungua katikati, akamtajia neno. Wangu alilieleza na kulitungia sentensi. Akataja jingine. Kufikia la sita Mukhisa alikuwa ametoa kamusi ya mjomba chini ya meza ili ajue kama mwanafunzi amepata. Kufikia la tisa aliacha kuuliza, akawa anasoma pembeni mwa kurasa, ambako Wangu alikuwa ameandika kwa penseli: hapa mwalimu amekosea, asiambiwe mbele ya wengine.

"Hizi ni nyingi," alisema baada ya kitambo.

"Ni kumi na saba. Katika miaka mitatu si nyingi."

"Mama, mimi KCSE ya kidato cha nne nilipata D plus. Siwezi kukusahihisha." Alifunga daftari taratibu. "Sema vile unataka, niandike."

"Andika ukweli."

Mukhisa alianza, akakwama kwenye mstari wa kwanza, akakata, akaanza tena. Wateja wawili walikuja wakaambiwa wangoje. Mwishowe alimsukumia Wangu kalamu na karatasi. Wangu aliandika mwenyewe, kwa Kiingereza, ukurasa mmoja: kwamba anayetia sahihi barua hii ni fundi wa redio na simu, si mwalimu, na hana shule, kwamba ana ukurasa, kwamba mama huyu amefika kwenye ukurasa huo asubuhi elfu moja na arobaini na sita, kwamba fundi amemjaribu siku ya leo na mama amemshinda fundi. Mukhisa aliisoma mara mbili akitumia kidole, akatia sahihi, na chini ya jina lake akaandika kazi yake.

Alhamisi wanachama walikaa kwenye kivuli cha banda la kupokea maziwa. Wangu alisoma barua kwa Kiingereza, kisha akaitafsiri. Alipofika kwenye fundi wa redio mtu mmoja nyuma alicheka, akaacha, kwa kuwa hakuwa na hakika kama ni mahali pa kucheka.

"Subiri kwanza," Hillary alisema. "Ati mwalimu wako ni fundi?"

"Ndiyo."

"Na hii barua ameandika yeye?"

"Nimeandika mimi. Yeye ametia sahihi."

"Mwenyekiti, umesikia! Mtu amejiandikia barua ya kujisifu!"

"Si wewe ulitaka kujua kama anaweza kuandika?" Jepchirchir alimrukia. "Haya, chukua. Tafuta makosa, kijana. Tuko hapa mpaka jioni."

Hillary aliichukua barua. Aliisoma midomo ikicheza. Aliirudia kutoka juu. Wanachama walingoja, na mwenyekiti akangoja, na Hillary akaikunja vizuri akairudisha.

"Sasa hii inamaanisha amesoma ama hajasoma?" aliuliza Mzee Rotich.

Mmoja alisema amesoma lakini hajasomea mahali. Mwingine akasema hilo haliwezekani. Mzee Rotich alitaka kura zipigwe, kisha akakumbuka kura haziwezi kupigwa bila wa kuandika kumbukumbu, na katibu hakuwapo, na hao wawili ndio waliokuwa wakigombea. Alivuta sikio lake.

"Muandike wote wawili," alisema. "Halafu mtusomee."

Wakaandika, kuanzia mwanzo wa mkutano. Kwa dakika kadhaa hakuna mwanachama aliyethubutu kusema neno, maana lingeandikwa mara mbili. Kisha Jepchirchir akalalamika kuhusu kipimo cha maziwa, mwingine akamjibu, na mkutano ukawa mkutano.

Hillary alisoma wa kwanza. Zake zilikuwa mistari minne: mkutano ulianza, wanachama walijadiliana, maoni tofauti yalitolewa, mkutano uliisha. Kisha Wangu akasoma zake, akitafsiri sentensi kwa sentensi. Kilikuwamo kipimo na aliyelalamika. Alikuwamo Hillary, na maneno yake ya barua ya kujisifu, bila kupunguzwa. Alikuwamo Wangu mwenyewe, ambaye mwalimu wake ni fundi wa redio. Alikuwamo mwenyekiti, akiuliza kama amesoma ama hajasoma, na majibu mawili yaliyopingana.

"Hiyo ndiyo nilisema?" aliuliza Mzee Rotich.

"Ndiyo hiyo, mwenyekiti."

"Hata hiyo ya Hillary umeandika yote? Na vile inakuuma?"

"Si aliisema?"

Hillary alitazama viatu vyake. Mzee Rotich alinyanyuka, akachukua kitabu kikubwa cha chama chenye jalada jeusi, akakiweka juu ya magoti ya Wangu, akatangaza mkutano umefungwa.

"Mwenyekiti," Wangu alisema upesi, kalamu bado mkononi, "niandike nimechaguliwa?"

"Kura hatujapiga."

"Niandike sijachaguliwa?"

"Sijasema hivyo, Mama Ciru. Andika kitabu kiko kwako."

Alitafuta katika yote aliyowahi kunakili neno linalofaa kwa hali hiyo, asilipate. Akaandika kama alivyoambiwa.

Ndirangu alikuwa akimngoja langoni. "Ehe? Umekuwa katibu ama hujakuwa?"

"Kitabu kiko na mimi."

"Hiyo si jibu."

"Najua," alisema Wangu. "Lakini ndivyo ilivyoandikwa."