Jiwe la Mama Kwenye Lango la Mgodi

Mama yangu hakuiba almasi. Naanza na hilo kwa sababu hapa Bagara wapo watu wazima, wenye wajukuu, ambao mpaka leo wakikaa mahali na kikombe cha chai huanza: "Yule mama aliyekamatwa na almasi kule Usukumani..." Hakukamatwa na almasi. Alikamatwa na jiwe. Nilikuwepo, na baadhi ya maneno yaliyosemwa siku ile yalitoka kinywani mwangu mimi, kwa hiyo nitayasema yote, hata yale yanayoniaibisha.

Ilikuwa miaka ya themanini, miaka ya foleni. Kila mtu wa umri wangu ana hadithi yake ya sabuni na sitaki kuwachosha na yangu. Niseme tu habari ya mashine ya kusaga. Iliyokuwa karibu na kwetu ilisimama kwa kukosa dizeli, ikasimama mpaka kuku wakawa wanatagia chini yake. Na mama alikuwa na mahindi. Alikuwa na mahindi mazuri kuliko mtu yeyote kati ya Bagara na Nangara, wapita njia walikuwa wanasimama kuyatazama. Pamoja na mahindi yote hayo tulikula makande asubuhi, makande mchana, makande jioni. Ugali tuliuona kwa nadra, na ule wa unga wa njano wa msaada mama alikuwa anausonga huku amenuna.

Jiwe la kusagia lilikuwepo, bibi alimwachia. Lakini jiwe la kusagia likitumika sana uso wake unakuwa laini, punje zinateleza tu juu yake, na lazima uugonge kwa jiwe jingine gumu zaidi ili upate makwaruzo. Hilo jiwe la kugongea ndilo alilokosa. La kwake lilipasuka, na kila alilookota kwetu bondeni lilikuwa linamong'onyoka kabla ya kazi kuisha. Kwao mama, huko milimani Mbulu, jiwe la kugongea haliazimwi. Unapewa na mama yako au unaliokota mwenyewe, na kabla ya kulichukua unaligonga kwa jiwe jingine na kutega sikio. Likilia kwa sauti nyembamba, unalichukua. Likilia sauti nzito iliyokufa, unaliacha hapo hapo.

Mwaka huo mama akachaguliwa mkulima bora. Zamani mkulima bora alipewa jembe au blanketi. Safari hii majembe hayakuwepo na blanketi hazikuwepo, basi wakubwa wakaamua wakulima bora wa tarafa wapelekwe kwa lori kutembelea mgodi wa almasi, wajionee mali ya taifa lao. Bwana shamba alipoleta habari hiyo nyumbani alitabasamu kama mtu aliyeleta mahari. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa Kiiraqw nimuulize dizeli ya lori imetoka wapi. Sikumuuliza. Nilimwambia bwana shamba kwamba mama anashukuru sana.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, ukalimani, na ndiyo iliyonipandisha nami kwenye lori. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa sekondari. Kiswahili mama alikuwa anakisikia kuliko alivyokisema, na alipokisema watu walikuwa wanacheka kidogo, hata wale ambao Kiswahili chao nacho kilikuwa cha kuazima. Nilikuwa na tabia ya kuyalainisha maneno yake njiani kabla hayajafika. Nilijiona nina akili.

Tulipita chini ya mlima Hanang, tukalala Singida kwenye ukumbi wa parokia, tukalala tena mbele ya hapo, na asubuhi ya tatu tukafika. Tulikuwa ishirini na kitu nyuma ya lori, vumbi limetufanya tuonekane ndugu wa tumbo moja. Langoni tukapokelewa na kijana wa kutembeza wageni, shati lake jeupe limepigwa pasi. Wanawake wote tuliliangalia lile shati. Maana yake huku kuna sabuni.

Siwezi kusema hakufanya kazi yake vizuri. Alitupeleka kwenye ukingo wa shimo, na shimo lile nisidanganye, lilinitisha. Magari ya chini yalikuwa madogo kama punje za mtama. Alitueleza jinsi mzungu mmoja alivyozunguka pori hilo miaka mingi mpaka akapata alichokuwa anatafuta. Mama akaniuliza wenyeji wa pori walikuwa wapi muda wote huo. Sikumuuliza kijana. Tukaona mashine kubwa tatu zimelala, akasema zinasubiri vipuri. Tukaoneshwa meza zinazopakwa grisi: changarawe inapita juu yake pamoja na maji, mawe yote yanasombwa, almasi peke yake inanata. Mzee mmoja wa Bonga akauliza kwa nini inanata. Kijana akasema ndivyo Mungu alivyoiumba. Mama alikuwa anaitazama grisi tu. Kwetu wakati huo tulikuwa tunawasha koroboi kwa mafuta ya kuazima.

"Ndugu wakulima," kijana akasema, amepanda juu ya ngazi ili tumwone, "mgodi huu si wa mzungu tena. Ni mali ya umma. Maana yake ni wenu. Ni wako wewe mama, ni wako wewe baba."

Watu wakapiga makofi. Hili nililitafsiri neno kwa neno, kwa sababu lilikuwa zuri na halikuhitaji kulainishwa. Mama akatikisa kichwa taratibu, akakubali.

Mwisho tukapita kando ya kilima cha kokoto na mawe yaliyokwisha kuoshwa. Kijana akasema hayo ni makapi, hayana thamani yoyote, yanatupwa. Mama akanishika mkono. "Amesema ya kutupa?" Nikamwambia ndiyo, ya kutupa. Wenzetu wakaendelea mbele, sisi tukabaki nyuma. Nikasikia tak, tak, kisha sauti moja nyembamba, kali. Nilipogeuka mama alikuwa anafunika kikapu chake, na usoni alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu mashine isimame. Nilijua ameokota nini. Wala sikuwaza chochote.

Huo ndio ulikuwa wizi wote.

Kutoka mgodini, kila mtu anapekuliwa. Wanawake tuliingizwa chumba kimoja na mpekuzi, mama wa makamo mwenye sare. Alimwamkia mama, "Shikamoo," mama akaitika, "Marahaba," ndipo akaanza. Alitufumua nywele. Aliziangalia nyayo za viatu vyetu vya matairi kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale. Kisha akafungua kikapu, akatoa kibuyu, akatoa kanga, akatoa jiwe jeusi la ukubwa wa ngumi, akaliweka mezani. Hakupiga kelele. Alifungua mlango tu, akamwita afisa.

Lazima mkumbuke ilikuwa wakati gani. Watu walikuwa wanafungwa kwa sababu ya katoni ya sabuni chini ya kitanda. Neno mhujumu uchumi lilikuwa linatamkwa kwa sauti ya chini. Afisa alikuja na kitabu kikubwa, akaliangalia jiwe, akamwangalia mama, akauliza kama anajua kwamba kutoa kitu mgodini ni kosa. Bwana shamba akaingia nyuma yake, jasho linamtoka, akaninong'oneza sikioni: "Binti, mwambie mama yako aombe radhi yaishe. Akigoma, sema kichwa chake hakiko sawa. Watatuachia."

Mama alinitazama. Akasema kwa Kiiraqw, polepole, ili nisikose hata neno: "Mwambie mimi si mwizi. Mwambie ni la kugongea jiwe la kusagia."

Nami nikamgeukia yule afisa, nikasema: "Mama anasema anaomba msamaha. Hakujua."

Ndivyo nilivyosema. Sikusema hana akili, hilo nilikataa, na kwa miaka mingi nilijipongeza kwa hilo. Lakini nilimwombea mama yangu msamaha wa wizi ambao hakuufanya, mbele ya watu, kwa Kiswahili safi cha shuleni.

"Hapana," mama akasema.

Sote tukamgeukia. Alikuwa amesema kwa Kiswahili.

"Hiyo amesema yeye. Mimi sijasema." Akanyoosha kidole kwenye jiwe. "Asubuhi kijana yenu alisema mgodi ni yangu. Nilisikia. Akasema mawe ile ni ya kutupa. Nilisikia. Mimi nimeokota kitu ya kutupa, nimetoa kwa kitu yangu. Sasa wizi iko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Kijana wa shati jeupe akaitwa. Akaulizwa kama alisema hivyo, akaangalia chini, akasema yale yalikuwa maelezo tu kwa wageni.

"Maelezo," mama akarudia, kama mtu anayeonja chumvi.

Afisa akakifungua kitabu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye kitabu. Akamwambia mama aweke kidole gumba mahali palipoandikwa kwamba amekutwa na mali ya mgodi, kisha aende zake na safari iendelee. Mama akauficha mkono wake ndani ya shuka. Akasema kidole hatoi, kwa sababu akitoa amekubali. Bwana shamba akamwambia wenzake wanasubiri kwenye lori juani. "Wasubiri," mama akasema. Akajikalia sakafuni, miguu ameinyoosha mbele, kama yuko uani kwake.

Tulikaa. Nje nilisikia sauti za watu wa kwetu zikipanda, wengine wakimlaani mama waziwazi. Hatimaye afisa akaagiza nyundo ili jiwe lipasuliwe, ionekane kama kuna kitu ndani. Mlinzi akaja, akalipiga. Nyundo ikaruka. Akalipiga tena kwa mikono miwili, ikaruka tena, na jiwe likalia ile sauti nyembamba. Mara ya tatu mpini ukalegea, na jiwe halikuwa na hata ufa.

"Umeona?" mama akamwambia afisa. "Ndiyo sababu nilitaka."

Yule mpekuzi akashindwa kujizuia. Akacheka mpaka akashika meza. "Afande," akasema, "hili ni jiwe la kugongea. Hata mama yangu analo. Mwache huyu mama."

Afisa akakifunga kitabu. Akasema twende, lakini jiwe litabaki, kwa sababu sheria ni sheria, na kokoto ya mgodi ni ya mgodi. Mama akasimama, akapanga vitu vyake kikapuni kimoja kimoja. "Libaki," akasema. "Lakini ni jiwe."

Kwenye lori hakuna aliyetusogelea. Ratiba ilikuwa bado na kiwanda cha kuchambua pamba, stesheni ya reli, na vilima vya mawe makubwa ambavyo kule vimetapakaa kila mahali. Kiwanda tukakikuta kimefungwa na stesheni tukaipita mbiombio. Kwenye vilima lori likasimama watu wajinyooshe. Bwana shamba akaanza kutueleza habari za mawe yale, na mama, bila kumwomba ruhusa mtu yeyote, akashuka, akainama, akaanza. Tak. Tak. Watu wakanong'ona. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Huyu mama hajakoma tu!"

Hajakoma. Na mimi, ambaye mpaka hapo nilikuwa nimejifunika kanga usoni, nikaruka kutoka kwenye lori nikaenda kuinama kando yake. Niligonga mawe kama ishirini, yote yakatoa sauti iliyokufa. Kisha moja likalia. Nikampelekea, akaligonga mwenyewe, akatega sikio, akalitia kikapuni. Akapanda lori akiwa amekiinua kikapu juu, kila mtu akione.

Nilidhani yameisha. Nilidhani nimesamehewa, nimelilipia kosa langu kwa jiwe.

Siku ya pili baada ya kufika nyumbani, asubuhi, mama alilitoa jiwe la kusagia uani, akaliegemeza, akanikalisha mbele yake. Nikanyoosha mkono nichukue la kugongea. Akaliweka nyuma yake.

"Niambie ulichomwambia yule mtu," akasema.

Nikamwambia. Kwa Kiiraqw maneno yale yalikuwa mabaya zaidi, hayakuwa na pa kujificha.

"Sasa sema nilichosema mimi. Kwa Kiswahili. Kile chako kizuri."

Nikasema: "Mimi si mwizi. Ni jiwe la kugongea jiwe la kusagia." Nilikuwa na hasira, naye, na mimi mwenyewe, na afisa, na lile shati jeupe.

"Sijasikia," mama akasema.

Nikasema tena. Akasema hajasikia. Nikasimama, nikasema kwa nguvu mpaka jirani akachungulia juu ya ua na kuuliza kuna nini.

Mama akanionyesha kwa kidevu. Akaniangalia mimi. Basi nikamgeukia jirani, nikamwambia.

Ndipo mama akanipa jiwe nigonge.