Faili Namba Arobaini

Mimi ni mwoga. Nasema hili mapema ili mtu asije akanisifu mahali nisipostahili. Naogopa radi, naogopa ng'ombe wenye pembe ndefu, na hata kazi hii ya kuchunguza ubongo wa watu niliichagua nikidhani ni kazi ya kukaa kwenye kiti mbele ya kompyuta, mbali na damu.

Chumba chetu cha vipimo kiko Olasiti, nyuma ya duka la mabati. Tunachotafuta ni kitu ambacho bibi yangu angekicheka: tunataka kujua jinsi ubongo wa mama anayenyonyesha unavyokidaka kilio cha mtoto katikati ya kelele nyingine. Tunamvika mama kofia ya kitambaa yenye vinasa vidogo, tunapaka jeli chini ya kila kinasa, halafu anakaa kimya na kusikiliza sauti tulizorekodi: pikipiki, mbuzi, mlango unaobamizwa, mtoto analia, pikipiki tena. Mashine inachora mistari ya umeme wa ubongo wake. Baada ya dakika arobaini tunamfuta jeli, tunampa soda, anakwenda zake, nasi tunabaki na mistari hiyo kwa miezi. Wengi wanaamini tunasoma mawazo. Mama mmoja aliniuliza kwa wasiwasi kama nimeona alichomfanyia wifi yake. Nilimwambia sijakiona, na kwa kweli nilitamani ningekiona.

Chumbani tuko wawili. Mwenzangu ni fundi wa mashine, Mchaga, baba wa watoto watatu, mtu wa utani asiyejua kunong'ona. Kila asubuhi, kabla ya mama wa kwanza kuingia, tunaijaribu mashine kwa mmoja wetu kwa dakika kumi. Siku ninayoizungumzia ilikuwa zamu yangu kuvaa kofia. Tulikuwa tunamalizia umeme ukakatika, na betri ya kompyuta ile ilikuwa imeshakufa zamani.

"Imeshaingia, dada, usihofu," mwenzangu alisema gizani. Akaandika kwenye daftari: arobaini, jaribio, na jina langu.

Umeme uliporudi baada ya saa nzima, kwenye benchi alikuwa amekaa mama mmoja kutoka Terrat, na mtoto wa miezi mitano mapajani. Alikuwa amenyoa kichwa kama wanawake wengi wa kwao, na kofia ilimkaa vizuri kuliko mtu yeyote tuliyewahi kumpima. Safari hii mimi ndiye niliyekaa kwenye kompyuta, na mwenzangu akatoka nje kumbembeleza mtoto. Kwenye daftari mama yule akawa arobaini na moja. Siku ile hatukumpima mtu mwingine.

Siku mbili baadaye tulipohamisha kazi tukakuta faili moja tu ya siku ile, namba arobaini. Arobaini na moja haikuwepo. Mwenzangu akaulaani umeme kwa Kichaga, akaandika "imepotea" mbele ya namba ya yule mama, akampigia simu kumwomba arudi. Alijibu kwamba yuko kwenye mavuno ya maharage, angekuja mwezi unaofuata.

Mimi nikaifungua namba arobaini, nione tu kama mashine ilikuwa na tatizo.

Mistari ya mtu mzima aliye macho huwa midogo na ya haraka, haina mpango. Hii ilianza hivyo, safi kabisa, safi kuliko kipimo chochote cha kichwa changu chenye misuko. Kisha, bila onyo, mistari yote ikaruka pamoja: ncha kali, bonde pana, ncha, bonde, kama meno ya msumeno, kwa sekunde kadhaa, halafu ikatulia kana kwamba hakukutokea kitu. Mimi si daktari, lakini picha ile imo katika kila kitabu tulichosomea. Ni alama ya kifafa.

Nikaifunga faili.

Tuna kanuni, na ni mimi niliyeiandika kwa Kiswahili kwenye fomu zetu: ukiona kitu cha ajabu katika kipimo chochote, unamjulisha daktari wa mradi siku hiyo hiyo, hata kama huna hakika, hata kama ni kichwa chako mwenyewe. Simu ya daktari nilikuwa nayo. Sikumpigia.

Nilikuwa na shangazi, dada yake baba, huko tulikokulia Nkoaranga. Alikuwa na ugonjwa huo. Alikuwa na bakuli lake, kikombe chake, na kigoda chake karibu na mlango, na watoto tuliambiwa tusimguse akianguka kwa sababu povu linaambukiza. Huo ni uongo, leo nawafundisha wanafunzi kwamba ni uongo, lakini mwili wangu ulijifunza kwanza ule uongo. Hakuna aliyemwoa shangazi. Na mimi barua ya posa ilikuwa imeshapokelewa nyumbani mwezi uliotangulia, na upande wa mwanamume walikuwa bado wanaulizauliza, kama watu wanavyofanya, ukoo huu una nini na nini. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilijua. Nikaficha.

Wiki tatu zilizofuata sizitamani tena. Niliacha kuendesha pikipiki na nikasingizia breki. Nikisahau neno katikati ya mazungumzo, nilishika meza. Nikiamka na shavu limelowa mate, nilikwenda kwenye kioo kuangalia kama nimejing'ata ulimi. Bosi wetu alinikuta nimekodolea macho ukuta akauliza nawaza nini, na mimi nikaangalia saa kwanza, kwa sababu sikukumbuka nilikuwa nawaza nini. Nilikuwa nasoma kuhusu umakini wa binadamu kutwa nzima na umakini wangu wote ulikuwa ndani ya fuvu langu, unavizia.

Jumamosi moja nilipanda nyumbani Nkoaranga. Mama akaniita shambani nimsaidie kukata mkungu, akaninyooshea panga. Nikakataa kulishika. Nilijiona nikianguka nalo kwenye ule mteremko, katikati ya kahawa.

"Una mimba?" mama aliuliza.

"Hapana, mama."

"Basi una uvivu wa mjini," akasema, akaukata mwenyewe. Nilitaka sana kumwambia. Nilimtazama mgongo wake ulivyoinama na nikajua kitu cha kwanza atakachofanya ni kulia kwa ajili ya shangazi, cha pili ni kulia kwa ajili yangu, na cha tatu ni kwenda kumwambia mchungaji. Nikabeba mkungu.

Jumatatu iliyofuata mwenzangu alikuwa anapunguza mizigo kwenye kompyuta.

"Dada, nafuta majaribio yetu yote ya mwezi uliopita. Sawa?"

Sitaficha: moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilikuwa nimeomba kitu kama hicho. Ningesema "sawa", faili ingekwenda, na dunia nzima isingejua. Lakini hofu nayo ina ulafi wake. Nilitaka kujitazama mara moja ya mwisho. Nikamwambia asubiri kidogo, akatoka kwenda kunywa chai.

Mara ya kwanza nilikuwa nimeangalia mwanzo tu, nikafunga. Mwoga haangalii kitu hadi mwisho. Sasa nikaacha kidole kwenye kitufe, mistari ikapita. Dakika ya nane. Ya kumi. Ya kumi na tano. Nikashangaa kidogo kwamba jaribio la dakika kumi halijaisha. Meno ya msumeno yakatokea tena, na tena. Katika dakika ya ishirini na sita kulikuwa na maandishi juu ya mistari, yale tunayoandika wakati kipimo kinaendelea ili baadaye tukumbuke kilichotokea chumbani. Yalisema: "Mtoto wa kweli analia nje. Tumesimama."

Ni mimi niliyeandika. Nilikumbuka hata kwa nini niliandika "wa kweli": ili tusije tukakichanganya na kilio cha kurekodi. Na mtu aliyevaa kofia hawezi kuwa huku mbele ya kompyuta anaandika.

Basi jaribio langu halikuingia kamwe. Umeme ulilimeza, na ulipowaka tena mashine ikaitumia ile ile namba arobaini kwa mtu aliyefuata. Kichwa kile hakikuwa changu.

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, mpaka machozi yakanitoka, nikamshukuru Mungu kwa jina. Kwa mwoga huenda kicheko, wahenga walisema, na kwangu kilifika. Kilikaa kama dakika moja. Kisha nikamkumbuka yule mama amekaa kwenye benchi na mtoto mapajani, na hofu niliyopata hapo ilifanya zile wiki tatu zionekane mchezo.

Nilimpigia daktari. Ni mzee mpole, mtu wa kusikiliza hadi umalize.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, binti. Kuna nini?"

Nilimwambia kwamba nimegundua leo kuwa faili iliyodhaniwa jaribio letu ni ya mshiriki, na kwamba ina alama mbaya. Kila neno lilikuwa kweli. Sikumwambia nimeijua alama hiyo tangu lini, na yeye, kwa kuwa ananiamini, hakuuliza. Akasema tutakwenda kesho asubuhi.

Terrat ilikuwa kavu, upepo unapeperusha vumbi na maganda ya maharage. Mama mkwe wa yule mama ndiye aliyetupokea, akatutolea viti. Kisha mkamwana mwenyewe akatoka ndani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji kuanzia kifundo hadi kiwiko.

"Ni Jumatano ya wiki juzi," mama mkwe alieleza kabla hatujauliza. "Alikuwa anasonga ugali. Macho yakaganda hivi, akaangukia moto. Sisi tukasema ni kizunguzungu cha kunyonyesha. Mtoto alikuwa mgongoni kwangu, Mungu ni mkubwa."

Jumatano ya wiki juzi. Ilikuwa siku ya kumi na tatu tangu nilipoifunga ile faili. Nilikuwa kwenye kiti changu Olasiti, najipima mapigo ya moyo.

Daktari alieleza vizuri, polepole. Alisema huo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, hauambukizi, si laana, una dawa, na kwamba leo leo angempeleka hospitali akapimwe upya na lile jeraha liangaliwe. Alimwambia asipike peke yake kwa sasa. Yule mama alisikiliza akinitazama mimi, kwa sababu alikuwa ananijua mimi tu. Nilishindwa kumwangalia usoni, nikaangalia bendeji, na bendeji nayo ikanishinda.

Mama mkwe ndiye aliyeuliza.

"Na nyinyi mmejua lini, mwanangu?"

Daktari naye alinigeukia, akingoja jibu, bila shaka yoyote usoni. Nilikuwa nalo jibu. Lilikuwa mdomoni kabisa. Kisha nikaiona kazi yangu, na shahada yangu, na barua ya posa, na huyu mzee akijua mimi ni mtu wa namna gani.

"Jana, mama," nikasema.

Mama mkwe akapiga makofi mara moja. Akamwambia mkamwana wake maneno kwa Kimaa, halafu akayarudia kwa Kiswahili ili nami nisikie.

"Umeona? Wamejua jana, leo wako hapa. Watoto wa watu wamewahi."

Yule mama akaninyooshea mkono wake mzima kunishukuru, nami nikaupokea.