Mtogwa wa Baba

Ulanzi mbichi hunukia majani yaliyokatwa punde, na nikiivuta harufu hiyo leo narudi moja kwa moja kwenye mvua za miaka ya sabini, nilipokuwa kidato cha pili katika shule ya masista nje ya Iringa. Mianzi ya baba ilikuwa ikichipua, naye alfajiri na jioni alikata ncha za machipukizi na kuning'iniza mbeta, vile vikombe vya mwanzi, ili utomvu, ambao ndio ulanzi wenyewe, udondokee humo.

Biolojia alitufundisha Mwalimu Mwanaidi, mtu wa Tanga, mcheshi, asiyependa tukariri kitu ambacho tungeweza kukiona. Alitaka tuione chachu ikifanya kazi. Tulipokwenda kusalimia nyumbani akatuagiza kila mmoja arudi na chupa ya togwa. Kwake togwa ni uji mtamu wa kimea. Kwetu Wahehe mtogwa ni ulanzi uliogemwa siku hiyohiyo, kinywaji cha watoto, na sikio langu lilisikia lilichokizoea. Baba akanijazia chupa asubuhi, nikaigongomea gunzi la muhindi isimwagike, nikatembea nayo saa mbili juani huku nikijisifu.

Jioni, tukiwa mstarini, gunzi liliruka likampata Sista Mkuu begani. Povu likanitiririkia sketi yote. Wenzangu walicheka mpaka walipomwona akiinusa chupa. Kuingiza pombe shuleni kulikuwa kosa la kufukuzwa, na hapakuwa na mjadala. Nililia nikikunja shuka zangu. Katika ukoo wetu mimi ndiye msichana wa kwanza kuvuka darasa la saba, na sasa nilikuwa narudi nyumbani kwa sababu ya gunzi.

Mwalimu Mwanaidi ndiye aliyeniombea siku moja tu. Akatuma mtu kwa baba, naye kesho yake asubuhi akafika na mbeta aliyoitoa kwenye mwanzi alfajiri. "Kamwene, Sista," alisalimu, kofia mkononi. Mwalimu akammiminia Sista kikombe, naye Sista akaonja, akakiri ni kitamu. Uliobaki Mwalimu akautia chupani, akavisha puto kwenye mdomo wa chupa, akaiweka kwenye dirisha la darasa letu penye jua. Saa nane puto lilikuwa bado limelala, nami nikaona nimekwisha. Kufikia saa kumi lilisimama wima. Sista akaonja tena, akakunja uso.

"Kumbe kinajigeuza chenyewe," alisema.

"Hakijigeuzi, Sista. Kuna vijidudu humo vinakula sukari. Na anayevijua vizuri ni mzee huyu."

Akampa baba chaki. Baba hakujua kuandika, akaishika tu, akatueleza kwamba mbeta iliyooshwa sana huchelewesha ulanzi, na iliyobaki na masalia ya jana huuamsha upesi. Darasa zima tuliandika. Sista naye alisimama mlangoni akisikiliza, na jioni ile nikatandika tena kitanda changu.

Mwaka jana nilialikwa kwenye shule moja ya Uyole kutazama maabara. Wana hadubini, wana chachu ya pakiti, na majibu yao yalikuwa sahihi kuliko yetu. Nilifurahi kweli, hata nikawaonea wivu kidogo. Kisha nikauliza nani kwao wanagema ulanzi au kuchachusha kimea. Wakatazamana. Mwishowe binti mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ya chini kwamba bibi yake anapika pombe, akaongeza harakaharaka, "Ila hajasoma."

Nikamwambia baba yangu pia hakusoma, na daftari langu la biolojia lina kurasa tatu za maneno yake.