Maoni ya Abiria wa Mara kwa Mara

Mimi meli nilikuwa naijua. Sijisifu, nasema lililo kweli. Miaka ile ya ujamaa, mvua zikishika na barabara ya kusini ikikatika, mtu wa Mtwara mwenye haraka ya kufika Dar es Salaam alikuwa hana njia ila meli. Nilikuwa binti mpiga chapa katika kituo cha utafiti wa korosho pale Naliendele, na bosi wetu hakuiamini posta hata kidogo. Ripoti zake, pamoja na vifurushi vya majani ya mikorosho yenye ugonjwa, ilikuwa lazima vifike wizarani mkononi mwa mtu. Mtu huyo nikawa mimi. Kila baada ya miezi miwili mitatu nilishuka bandarini na sanduku langu.

Hati ya safari nilikuwa naipiga chapa mwenyewe. Mara ya kwanza niliandika "daraja la kwanza" kwa kujaribu tu. Bosi akasaini bila kusoma, na tangu hapo ikawa ndiyo desturi. Kwa cheo changu nilistahili kukaa sitahani kwenye mikeka, pamoja na kuku na mafurushi ya watu. Hilo tulilijua mimi na mashine yangu ya chapa.

Basi, kwa kuwa nilisafiri sana, nilikuwa na maoni. Chumba chukua cha upande wa bahari, maana upande wa bara jua la alasiri linakuoka. Supu usiiguse siku ya pili, kwa sababu ni ileile ya siku ya kwanza iliyoongezwa maji. Shuka kagua kabla hujalala. Lakini chai ya saa kumi, hiyo sina la kusema. Ilikuja na maziwa, katika vikombe vyeupe vya udongo vilivyobaki tangu meli haijawa mali ya umma, kila kimoja na kisahani chake. Kule chini sitahani chai yao ilikuwa ya rangi, inachotwa kwenye ndoo kwa kopo.

Aliyeileta ile chai yetu alikuwa mhudumu mmoja mfupi, Mmakonde wa Mahurunga, nguo nyeupe zimepigwa pasi hadi zinasimama zenyewe, na kofia kichwani. Hakuwahi kumwaga hata tone. "Ndugu abiria, chai," anasema, anaweka, anaondoka. Nilikuwa namkumbusha kila safari: "Mimi ni abiria wa mara kwa mara, bwana. Unajua sukari yangu ni vijiko viwili." Anajibu, "Naam, ndugu," na neno la ziada hanipi. Nilitaka anizoee. Nilitaka siku moja aniulize habari za nyumbani, au anicheke kwa lile sanduku langu la majani makavu. Wapi.

Sasa kulikuwa na mwanamke mmoja, Mmakua, mwalimu wa kisomo cha watu wazima kule Mpapura. Mumewe alikuwa kuli bandarini Dar, kwa hiyo naye alisafiri mara nyingi, ila yeye sitahani. Ikikaribia saa kumi, huyu mhudumu wangu mwenye adabu zake anasimama juu ya ngazi na kupaza sauti: "Mtumwa wangu! Umetoroka tena? Nani kakufungulia mlango?" Mwalimu anapanda ile ngazi ambayo watu wa sitahani walikatazwa kuipanda, anamvua kofia, anaivaa yeye juu ya kanga, anakalia stuli yake pale mlangoni mwa jiko. "Lete chai, mjukuu wa mwizi wa kuku. Na iwe moto, siyo kama ile mnayokunywa kwenu." Na chai inaletwa. Yenye maziwa, ndani ya kikombe cheupe. Mhudumu anasimama pembeni bila kofia, anamtukania babu zake wote, na wote wawili wanacheka hadi machozi.

Nilijua ni utani. Nisije nikajifanya hapa kwamba sikujua. Wamakua na Wamakonde ni watani, na mtani hakuombi kitu, anachukua. Anakutukana mbele za watu na huwezi kukasirika. Na siku ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kushika kazi za msiba, anavaa nguo za marehemu, anamuigiza, anawachekesha waliokuwa wanalia. Kwetu nako tunao watani. Lakini kwetu ni mbali, kaskazini kabisa milimani, na hapa Mtwara sisi tulikuwa watu wa kuja tu, na utani wa watu wa kuja hauko.

Mama yangu ndiye aliyeliona hilo kabla yangu. Baba alipofariki nilimleta mama akae na mimi Naliendele, na safari yake ya kwanza na ya mwisho baharini aliitapika yote. Yule mhudumu alimpikia uji wa mchele mwenyewe, akamnywesha. Mama alipopata nguvu akanigeukia, akasema mbele yake: "Mwanangu, huko unakonipeleka sina mtani hata mmoja. Nikifa nani atanitukana?" Mhudumu akamjibu, "Mama, usiwe na wasiwasi. Mtwara matusi hayakosekani." Mama alicheka, akakohoa kile kikohozi chake kirefu, akacheka tena. Mimi nimekaa hapohapo, mwenye tiketi, hakuna aliyenitazama.

Na mama hakulisahau neno lile. Kila tukisikia msiba kwa majirani alilirudia: nani atanitukana. Mimi nilikuwa namjibu anyamaze, asijiitie kifo. Ukweli ni kwamba lilikuwa linanichoma. Hata kwa mama yangu sikuwa na jibu la kumpa, na mwanamke mwenye tiketi ya mkeka alikuwa na mtu wa kumvua kofia.

Basi safari moja, saa kumi, mhudumu akaniwekea kikombe. Chai ya rangi. "Ndugu abiria, samahani, maziwa yamekwisha." Nikainua macho. Mwalimu yuko kwenye stuli, kofia kichwani, na chai yake nyeupe kabisa.

Wivu. Nauita kwa jina lake. Ulinipanda hadi masikio yakawa moto. Ingekuwa ni maziwa tu ningevumilia, nimelelewa kwa chai ya rangi. Lakini alikuwa anamwambia yule mwanamke kwamba ana sura ya mtu aliyekosa kisomo, na yule mwanamke anamtupia ganda la chungwa, na mimi mbele yangu nina "samahani, ndugu abiria."

Katika chumba cha kulia kulikuwa na kitabu cha maoni, kimefungwa kwa uzi pamoja na penseli, chini ya tangazo lililosema tutunze mali ya umma. Niliandika hivi: "Mhudumu wa daraja la kwanza anatoa mali ya umma kwa abiria wa sitahani kwa upendeleo. Huu ni ubaguzi, na ni kinyume cha siasa yetu." Jina sikuweka. Nilimalizia, "Abiria wa mara kwa mara." Nikaisoma tena, nikarekebisha mkato mmoja. Nilikuwa napiga chapa barua za serikali kila siku, nilijua vizuri neno "upendeleo" miaka ile lilikuwa na uzito gani. Na hati yangu ya daraja la kwanza ilikuwa ndani ya mkoba, mapajani mwangu.

Safari iliyofuata nilikuta mhudumu mpya, kijana mrefu mwenye sura ya kupigwa picha. Chai saa kumi kamili. Maziwa kwa wote wa juu, rangi kwa wote wa chini, na ngazi imefungwa kamba. Kama ni huduma, ile ilikuwa huduma. Nilikunywa nusu kikombe nikashindwa.

Nikashuka sitahani. Mwalimu alikuwa amekaa juu ya mkeka wake na kopo la chai. Alinikaribisha, akanisogezea nafasi, wala hakuwa na kinyongo chochote.

"Mtani wangu wamemtoa," akaniambia. "Eti kuna mtu aliandika kitabuni. Sasa yuko gatini Mtwara, anabeba magunia ya korosho."

"Pole," nikasema.

"Na yale maziwa, dada, yalikuwa ya posho yake mwenyewe. Yeye hanywi maziwa, yanamsumbua tumbo. Kwa hiyo alikuwa ananiwekea."

Nilisema pole mara ya pili. Nilirudi juu, na tangu siku hiyo nikaanza kumtafutia bosi sababu za kutuma mtu mwingine.

Mama alifariki masika yaliyofuata, asubuhi ya mvua. Barabara imekatika, hakuna namna ya kumpeleka kwetu. Wafanyakazi wenzangu wa kituo walikuja wote, watu wa kila mkoa. Padre akaja. Mwalimu wa Mpapura alikuja pia, akakaa na wanawake kidogo, kisha akatoka bila kuaga. Chakula kilipikwa kwa wakati, viti vikapangwa kwa mistari, watu wakasema kwa sauti ya chini. Ulikuwa msiba nadhifu kama ofisi. Nilikaa kwenye mkeka, macho makavu, na kichwani mwangu kuna neno moja tu la mama linazunguka. Alikuwa amelala pale katikati ya chumba na hakuna mtu hata mmoja wa kumtukana.

Mchana, walipokuwa wanajiandaa kumtoa, nilisikia kikohozi mlangoni. Kile kikohozi kirefu.

Akaingia mtu mfupi, amejifunga kanga ya mama aliyoianua kambani nje, ameinamia fimbo ya mama, anakohoa kikohozi cha mama. Nyuma yake mwalimu. Yule mtu akatembea hadi kwenye jeneza akaligonga kwa fimbo. "Bibi huyu mvivu! Amekunywa uji wangu melini, akalalamika chumvi, leo amelala hataki kuaga! Hatoki mtu hapa mpaka aombe radhi!" Akajilaza mlangoni, miguu huku, kichwa kule. Wenzangu wa ofisi walitazamana. Dereva wetu mzee ndiye aliyeanza kucheka, akafuata padre, kisha nyumba nzima. Na mimi hapo ndipo nilipolia. Nililia mpaka nikashikwa na watu wawili.

Makaburini alimalizia kuchimba kaburi pamoja na vijana, akaingia ndani akakataa kutoka, akasema chumba kizuri hiki, kina upande wa bahari. Tulimzika mama kwa kicheko na machozi, kama kwetu.

Tuliporudi, mwalimu aliniambia pembeni, "Mimi nilimfuata gatini kumwambia tu kwamba yule mama wa uji amefariki. Akaacha gunia palepale. Akasema, yule alishaniomba."

Mhudumu alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mama, kanga bado kiunoni. Mabega yake yalikuwa yamechubuka. Akapaza sauti juu ya watu wote: "Mtumwa wangu! Chai!"

Ilinichukua kitambo kuelewa kwamba ananiita mimi. Safari zote zile, neno hilo ndilo nililokuwa nalitamani. Nikaenda jikoni. Nilifungua kopo la maziwa nililokuwa nimelificha, nikaweka sukari vijiko viwili, nikamletea kwenye sinia, kwa kisahani. Nikamwaga kwenye kisahani.

Akanywa funda moja. Watu walinyamaza kumsikiliza, maana kila alichosema siku hiyo kilikuwa kichekesho.

"Baridi," akasema. Akanirudishia kikombe, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Abiria wa mara kwa mara, niletee kile kitabu na penseli yake. Leo na mimi nina maoni."

Nyumba nzima ikaangua kicheko, na mwalimu alicheka kuliko wote. Nilibeba kikombe nikarudi jikoni kuipasha chai moto.