Mpasua Mbao Asiyevuliwa Shati la Marehemu

Saa moja asubuhi, umande haujakauka, Melkizedek Mihayo amesimama juu ya gogo la mninga, mikono yote miwili imeshika mpini wa juu wa msumeno. Chini yake kuna shimo linalomzidi mtu kimo. Ndani ya shimo, mahali pa mtu wa pili, hakuna mtu. Kuna jiwe, limefungwa kwa kamba kwenye mpini wa chini.

Anauvuta msumeno juu kwa nguvu zake zote, kisha anauachia, na jiwe linaushusha. Unakata kidogo, unayumba. Anachomeka kabari, anaigonga, anaanza upya.

"Jiwe halichoki na halisengenyi watu," anasema bila kucheka. "Lakini haliwezi kazi ya mtu."

Kupasua mbao ni kazi ya watu wawili, wala hakuna njia ya mkato. Wa juu anafuata mstari uliopigwa kwa uzi wa masizi. Wa chini haoni kitu. Unga wa mbao unammwagikia machoni, na gogo zito limelala juu ya utosi wake. Wa juu akilikanyaga vibaya likabiringika, wa chini hana pa kukimbilia. Mtu anayemwogopa mwenzake hashuki humo.

Na Melkizedek anaogopwa. Katika kijiji hiki cha ujamaa kilicho kando ya barabara ya Iringa, mwendo mfupi kutoka Mikumi, watu wanamsalimia kwa heshima zote, kisha wanapita upande wa pili wa njia. Wanasema amembeba marehemu.

Marehemu ni Beda Lugome, Msagara, aliyekuwa mtu wake wa chini kwa miaka tisa.

Melkizedek ni Mnyamwezi. Baba yake aliletwa kukata mkonge Kimamba, na yeye akazaliwa kwenye kambi ya shamba. Bei ya mkonge ilipoanguka baada ya Uhuru, aliacha kukata majani akajifunza msumeno. Huko ndiko alikokutana na Beda. Wasagara na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo matusi yalianza siku ya kwanza.

"Aliniambia, 'Babu yako alipita kwetu na pembe za ndovu kichwani, akala kuku wetu wote. Leo umekuja kulipa,'" anakumbuka Melkizedek. "Nikamwambia, 'Kuku wenyewe walikuwa wamekonda kama wewe. Shuka shimoni!' Akashuka. Hakuwahi kuniuliza kama gogo limekaa sawa. Miaka yote ile, hata mara moja."

Wawili hao walitoa hadi mbao kumi kwa siku. Sasa, yeye na jiwe lake, akitoa mbili ni siku njema.

Beda alikufa kwa kichomi mwaka juzi. Kilichofuata hakikuwa kigeni kwa mtu yeyote wa huku. Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kufanya mzaha msibani. Huvaa nguo ya marehemu, huigiza mwendo wake na maneno yake, mpaka wafiwa wacheke machozi yakiwa bado shavuni. Na mchezo una mwisho wake. Siku ya kuondoa matanga, mjane huikomboa nguo ile kwa kuku mmoja, humvua mtani kwa mkono wake mwenyewe, na humwita kwa jina lake halisi mbele ya watu. Hapo marehemu amekwenda na mtani amerudi.

Melkizedek alivaa shati la Beda la kaki. Akatembea kwa kuburuta mguu wa kushoto, akakohoa kabla ya kusema, kama alivyokohoa Beda. Akamgeukia mjane, Hildegarda, akamwambia, "Mke wangu, leo mboga haina chumvi. Chumvi imekwisha au mapenzi yamekwisha?"

Wanawake walicheka hadi wakashikana. Kisha mama yake Beda, kikongwe ambaye macho yake yamefifia, akanyoosha mkono kutoka mkekani.

"Beda," akaita. "Kumbe umerudi, mwanangu?"

Kicheko kikakatika. Melkizedek mwenyewe hakujua ajibu kama nani, akabaki amesimama.

"Ningesema, 'Mama, mimi ni mtani tu,'" anasema. "Lakini mtani haruhusiwi kujitaja kabla ya kuvuliwa. Nikanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikoniponza."

Kabla matanga hayajaondolewa, siku ya watu kuhamia vijijini ikafika. Lori moja lilimchukua Hildegarda na wakwe zake hadi Kisanga. Lori la pili lilimleta Melkizedek huku, pamoja na msumeno. Ndani ya mfuko wake kulikuwa na shati la kaki ambalo hakuna aliyelikomboa.

Mkewe alifariki zamani na binti zake wameolewa Tabora. Jioni hula peke yake. Shati limetundikwa kwenye msumari, kwa sababu kulitupa ni mwiko na kulivaa hathubutu.

Wapo waliojaribu kushuka shimoni. Theodory, kijana mwenye kifua kipana, alishuka mwezi uliopita na kazi ikaenda vizuri hadi karibu na adhuhuri. Msumeno ulipokuwa mzito, Melkizedek akapiga kelele, "Vuta, bwana, usibembeleze! Huyu si mchumba!"

Theodory aliwahi kufanya kibarua Kimamba. Aliijua kauli ile: ilikuwa ya Beda. Aliuachia mpini, akapanda ngazi, akaenda zake bila kunawa.

"Sina ugomvi na mzee," anasema Theodory. "Shikamoo nampa kila siku. Lakini nikiwa chini simwoni usoni. Nitajuaje ni nani ameshika juu?"

Mwenyekiti wa kijiji, ndugu Paulo Mkude, hana muda wa mambo hayo. Msumeno sasa ni mali ya kijiji, na shule inahitaji madawati. "Nimemwambia mzee, mimi sipambani na mizimu, napambana na watoto wanaokaa sakafuni," anasema. "Masika yakianza hajapata mwenzake, msumeno unakwenda kwa maseremala wa Magomeni, Kilosa. Yeye tutampa jembe."

Melkizedek ana umri wa miaka hamsini na mbili, na hajawahi kulima shamba lake mwenyewe.

Anayemtembelea ni mmoja tu, Metito, mfugaji anayepitisha ng'ombe karibu na shimo na kumwachia maziwa kwenye kibuyu. "Kwetu jina la marehemu halitajwi, sembuse kuvaa nguo zake," anasema Metito. "Mzee ana matatizo, lakini ni matatizo yenu. Mimi nina ng'ombe."

Ni Metito huyo aliyekwenda mnadani upande wa Kisanga wiki iliyopita akiwa na ujumbe wa mzee kwa Hildegarda: Mama, njoo ulikomboe shati, au niite nililete. Kuku nitamtoa mimi mwenyewe.

Jibu alirudi nalo juzi. Hildegarda hataki.

"Alisema hivi," Metito anaeleza akiwa ameegemea fimbo. "'Mwambie shemeji akae nalo. Siku nikimvua, Beda amekufa. Sasa hivi najua yuko mahali, anapasua mbao.'"

Melkizedek alipoyasikia hayo hakufanya kazi siku nzima. Alikuwa akidhani mjane anamwogopa kama wengine. Hakujua kwamba kuna mtu, mbali huko, anayeishi kwa kile kinachomuua yeye.

Leo ameshaamua. Jumamosi atapanda basi hadi Mikumi, na kutoka hapo ataunga kwa miguu hadi Kisanga. Akifika uani kwa Hildegarda atalivaa shati, ataburuta mguu, atakohoa.

"Nikimwomba mimi atakataa, na ana haki," anasema. "Basi ataombwa na mumewe. Beda atamwambia, 'Mke wangu, nimechoka kupasua mbao. Niage.' Mwanamke yule hakuwahi kumnyima Beda kitu."

Je, asipoaga? Je, akifurahi tu kumwona, akamkaribisha chakula kwa jina lile?

Melkizedek anatazama chini, shimoni.

"Nitakula," anasema. "Nitamwambia mboga haina chumvi, atacheka. Akimaliza kucheka atalia. Nitakaa hapo hapo nimsubiri alie mpaka machozi yaishe, hata kama ni kesho yake. Halafu atanitazama vizuri, aone uso huu si wa mumewe, aniite Melkizedek."