Hodi Mlangoni mwa Msitu

Nilipoolewa kutoka Msambweni nikapelekwa juu, upande wa vilima vya Kwale, shoga zangu walinionea huruma kwa sababu ya mume. Walikosea. Mume alikuwa mpole kama maji ya mtungini. Aliyenitoa jasho ni mama yake. Mama mkwe wangu alikuwa na ulimi wa upanga, na mwaka ule wa kwanza shingo ilikuwa yangu: nimezidisha chumvi, nimeunguza tui, nimecheka mbele ya wageni. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza angali anatawala, nami niliona hakuna serikali kali kuliko ya jikoni kwetu.

Alikuwa na konde la mpunga bondeni, alilorithi kwa mamake. Kwa Wadigo mpunga ni mambo ya wanawake, na konde lile ndilo lililompa kichwa cha kusema na yeyote. Maji yake yalishuka kutoka kaya, msitu wa juu ambamo mababu waliishi zamani na humo wakazikwa. Mti wa kaya haukatwi. Mbega walijaa matawini, na asubuhi palahala walitoka kula majani ukingoni, madume meusi, pembe zimepinda kuelekea mgongoni. Mama mkwe aliacha jembe akawatazama. Hiyo ndiyo saa pekee niliyomwona amenyamaza.

Siku moja chifu akaita baraza. Alikuja bwana misitu, Mzungu kijana, pamoja na mkalimani wa kutoka mjini Mombasa. Serikali ilikuwa na shauri la kuufyeka ule msitu, mbao zipasuliwe, kisha ipandwe misonobari. Wazee wakasema haiwezekani, ile ni kaya, mababu waliishi humo. Sasa yule mkalimani, kwake yeye kaya ni watu wa nyumba moja, basi. Akalifasiri neno kama alivyolijua, akaturudishia jibu.

"Bwana anasema, ikiwa ni nyumba na wenyewe walishahama, basi haina mtu. Na isiyokuwa na mtu ni ya serikali."

Wazee walikuja juu, wote wakaeleza kwa mpigo mmoja, na mkalimani akazidi kupotea. Hapo mama mkwe akainuka kutoka nyuma, tulikoketi wanawake, akajifunga leso kiunoni. Nilitamani ardhi inimeze.

"Shikamooni, wazee wangu, mniwie radhi," akasema. "Bwana, umeambiwa ni nyumba, nami sikatai. Lakini nyumba ya mtu haiingiwi ila kwa hodi. Twende ukabishe."

Kijana alipofasiriwa alicheka, akakubali. Tukapanda baraza zima. Njia ya kaya inapita baina ya miti miwili mikubwa, na hapo ndipo wazee wanapopaita mlangoni. Mama mkwe akamwambia avue kofia na viatu, kama wavuavyo wote. Akavua. Miguu ilikuwa myeupe kama muhogo uliomenywa, na sisi wanawake tukajiuma midomo tusicheke.

"Hodi!" kijana akaita.

Mbega mmoja akaruka tawi. Akaita mara ya pili, kisha ya tatu. Tulisikia maji tu, yakiteremka mle ndani tusimoona.

"Umebisha mara tatu na hukuitikiwa," mama mkwe akasema. "Kwetu sisi Waislamu, hapo mtu hurudi alikotoka. Haambiwi."

Nilimpenda siku ile. Nasema wazi, nilimpenda kuliko nilivyompenda mume.

Hodi haikuuokoa msitu, watu wasije wakanielewa vibaya. Ilimfanya tu yule kijana aulize upya. Akatafutwa mtu aliyekijua Kidigo na Kiingereza, wazee wakaeleza kaya ni nini, na kijana akakaa chini akasikiliza. Nampa haki yake. Wakubwa wake ndio waliotuletea habari kwamba watachukua miti mikubwa pekee. Mama mkwe akajibu, "Bandu bandu huisha gogo," akawakusanya wanawake wenye makonde bondeni, tukashuka hadi ofisini Kwale. Tuliambiwa turudi siku nyingine, tukarudi. Karani alipotuona kwa mbali alikuwa akishika kichwa. Mama mkwe alimsalimu kwa adabu zote, akamuuliza hali ya watoto, kisha akaketi kizingitini mpaka asikilizwe.

Mwishowe serikali ikatoa amri: msitu umewekwa chini ya ulinzi, msumeno hauingii, mnyama haguswi. Tulipiga vigelegele. Kisha wakaja wapimaji kutia mawe ya mpaka, na mstari wao ukapita chini ya chemchemi ya yale maji ya kaya, ukakata bonde. Konde la mama mkwe likaangukia ndani. Askari wa misitu akamwambia, kwa heshima, avune kisha asilime tena pale.

Nililia kwa hasira. Nikangojea ule ulimi. Niliwaonea huruma askari na wapimaji na serikali yao yote. Yeye akavuna kimya, shuke kwa shuke, nami nikimfuata na ungo. Nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza: mama, baada ya taabu yote ile, huoni uchungu?

"Naona," akasema. "Lakini mpunga nitaupanda kwengine, mkaza mwanangu. Maji ningeyapanda wapi?"