Baba mkwe alisema anaumwa mgongo, kumbe ni mshipa wa damu uliokaribia kupasuka

Wakuu, heshima kwenu. Mnaotaka kuniamkia pokeeni marahaba ya jumla, maana wengi humu nadhani ni rika la wajukuu zangu.

Nimeona uzi wa kijana anayeulizia dawa ya ngiri ya baba yake. Anasema uvimbe uko chini ya kitovu, upande mmoja, na "unadunda". Watu wamemjazia mizizi ya kila aina. Nikasema hapana, hapa sinyamazi. Ninayosimulia niliyapitia mwenyewe, na chumvi nimeiacha jikoni.

Iko hivi.

Enzi za vijiji vya ujamaa nilikuwa mke mpya, nimeolewa milimani Upare, juu ya Ndungu. Mume wangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge huko bondeni, nyumbani tunamwona kwa nadra. Nikawa naishi na wakwe zangu. Kwa kuwa nilisoma hadi darasa la saba, kila jambo la ofisi au hospitali nilisukumwa mbele mimi.

Baba mkwe alikuwa mzee mkavu, mchapakazi, kiko hakimtoki mdomoni. Mwaka huo akaanza kukosekana kwenye shamba la kijiji. Balozi wa nyumba kumi akaja kuuliza. Mara ya pili akaja na maneno, eti kuna wazee wanataka kula bila kulima. Baba akajibu kwamba anaumwa mgongo. Na kweli alikuwa anatembea kwa shida, mguu wa kushoto umevimba.

Nikampeleka hospitali moja kule Same. Tulishuka mlima polepole, pale Ndungu tukadandia lori.

Sasa hapa mnisikilize vizuri.

Kiswahili cha baba kilikuwa cha sokoni, bei zikiisha nacho kimeisha. Kwa hiyo mkalimani ni mimi. Daktari anauliza, mimi nageuza Kipare, baba anajibu huku anaangalia ukuta. Unaumwa wapi? Mgongo. Ukiacha mguu, una uvimbe mwingine? Sina. Haja ndogo inatoka vizuri? Mgongo tena.

Kwa msiojua, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatajiani mambo ya chini ya kitovu. Mimi hata kiti chake sikuwahi kukikalia. Sasa huyo mzee aniambie mimi habari za kinena chake, nimwambie mwanaume mwingine? Bora afe.

Na alikaribia kufa kweli.

Daktari akapima mgongo, akatoa vidonge vya maumivu, tukarudi. Simlaumu, alitibu alichoambiwa.

Siku moja mama mkwe akaniita jikoni, akafunga mlango. Akaniambia baba ana jipu, chini ya tumbo upande wa kushoto. Kubwa, na sasa limeanza kudunda. Kwetu jipu likidunda ndiyo limeiva. Mzee Kajiru, ambaye ndiye alikuwa akitumbua majipu ya kijiji kizima, alikuwa ameshaambiwa. Angekuja keshokutwa na wembe wake.

Nikamuuliza linadundaje. Akasema akiweka kiganja juu yake, kinanyanyuliwa.

Wakuu, mimi si daktari, lakini majipu nimeugua. Jipu linampwita mwenye nalo. Mtu mwingine akiweka mkono hahisi kitu. Hili lilikuwa linanyanyua mkono wa mama. Nikaingiwa na hofu ambayo siwezi kuieleza.

Nikamwambia mama turudi Same kabla Kajiru hajafika. Akasema mimi nikilitaja hilo jambo mbele ya baba nitakuwa nimemvua nguo. Tukakubaliana aende yeye, mimi nibaki nje ya mlango.

Baba hakuweza tena kutembea. Mama akaenda mwenyewe kwa balozi, akamwambia yule mliyemwita mvivu hawezi hata kusimama. Balozi akapuliza baragumu la msaragambo, ile kazi ya wote tunayochimbia mifereji na barabara, na wanaume walipokusanyika akawaambia jembe la leo ni machela. Wakampokezana hadi bondeni.

Hospitali tukamkuta daktari yuleyule. Nikasimama nje ya pazia. Mama Kiswahili hajui hata hicho cha sokoni. Daktari alipouliza, mama aliushika mkono wa daktari, akauweka penyewe.

Baadaye mama alinisimulia kwamba daktari alishika pia nyayo zote mbili, akitafuta mapigo. Kisha akanifuata nje.

"Hili si jipu," akaniambia. "Ni mshipa mkubwa wa damu umetanuka. Mtu akiuchoma, mzee anaishia hapo hapo."

Ikabidi baba aambiwe. Nikaongea na mama kupitia pazia, kwa sauti ya kumfikia baba: "Mama, mwambie baba wembe wa Kajiru usimguse."

Baba akamjibu mama, "Mwambie nimesikia."

Wakampeleka Moshi. Wakati ule ultrasound hatukuijua. Walimpiga eksirei, wakanionyesha mstari mweupe uliojipinda kama ganda la yai. Ni ukuta wa mshipa ulioota chokaa. Mshipa wenyewe unaitwa iliac, unatoka kwenye ule mkubwa wa tumboni kwenda mguuni, na kutanuka huko wanaita aneurysm. Ulikuwa umekandamiza njia ya mkojo na mshipa unaorudisha damu kutoka mguuni, ndiyo maana mguu ulivimba. Tumbaku na presha vilichangia.

Walifungua tumbo, wakabana mshipa juu na chini, wakashonea kipande cha bandia. Siku hizi CT scan inaonyesha kila kitu, mtanuko ukiwa mdogo wanaufuatilia tu, na wengine wanawekewa stent, kibomba cha ndani ya mshipa, kupitia kinena bila kupasuliwa tumbo.

Baba alipona. Kiko alikiacha kwa shingo upande, akinuna. Aliishi hadi akawapakata wanangu wote.

Aliporudi, Kajiru alikuja kumjulia hali. Akaniomba nirudie maneno ya daktari. Nikarudia. Akaomba tena, nikarudia tena. Akakaa chini.

Akasema kuna mtu wa ng'ambo ya korongo alimtumbua uvimbe wa namna hiyo, unadunda vilevile, akafia mikononi mwake.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani wembe wangu ulikuwa mchafu."

Mama alimletea uji, akanywa, akaondoka.

Nilichojifunza ni kwamba mzazi anaweza kufa kwa kutunza heshima mbele yako. Ukimpeleka hospitali, kuna wakati kazi yako ni kutoka nje ya chumba na kumwachia mtu anayeweza kumwambia. Na uvimbe unaodunda haukandwi, haufungwi kitambaa, hauchanjwi. Unapelekwa hospitali leo.

Wenye uzoefu na madaktari mliomo humu, nisahihisheni nilipokosea, mimi nimeeleza nilivyoelezwa.

Na wewe kijana wa uzi wa ngiri, tangu jana sijaona umejibu mtu. Nikiandika haya bado naangalia jina lako. Andika hata neno moja tu, kwamba umempeleka.